Kikaragosi Hakuja Kucheza Tu

Kuna maonyesho ya vikaragosi ambayo hayataki watazamaji. Huko Yilan, kaskazini mashariki mwa Taiwan, mtu akifa kwa moto, akizama au akijinyonga, mchezeshaji wa vikaragosi vya nyuzi anaweza kuitwa aje pale pale msiba ulipotokea. Watu hukaa mbali. Hakuna anayejisogeza kuchungulia, kwa sababu kinachofanyika ni kuondoa nuksi, na nuksi ikifukuzwa mahali hutafuta pengine pa kuingia. Mchezeshaji, ambaye saa hiyo ni mtu wa ibada kuliko msanii, humtoa sandukuni Zhong Kui, yule mkemea mashetani mwenye ndevu nyingi, humshusha kwa nyuzi zake hadi chini, na Zhong Kui huanza kukanyaga ardhi ambayo hakuna binadamu anayetaka kuikanyaga.

Makala nyingi kuhusu vikaragosi huanza na watoto wanaocheka. Watoto hucheka kweli, na sina ugomvi nao. Ila tukianzia hapo tunajikuta tunazungumzia burudani, halafu burudani inabatizwa jina la urithi, urithi unakuwa onyesho fupi la kuwafurahisha wageni wa hoteli baada ya chakula cha jioni, na mwishowe tunashangaa kwa nini vijana hawataki kuurithi. Mimi huchezesha vikaragosi vya nyuzi kwa mapenzi tu, riziki yangu iko kwingine, na kadiri ninavyoifuatilia historia yake ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sehemu nyingi za dunia chombo hiki kilipewa kazi nzito kuliko kuchekesha. Kilitumwa. Kilitumwa kufika mahali, kusema neno, au kulia kilio ambacho mwili wa mtu ulishindwa au ulikatazwa.

Tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe, maana kila kitu kinatokana na nyuzi.

Kikaragosi cha kuvaa mkononi ni mkono wako uliovishwa nguo. Ukikasirika, nacho kimekasirika papo hapo. Cha fimbo nacho hutii haraka. Cha nyuzi ni habari nyingine. Kati yako na chenyewe kuna hewa, na katika hewa hiyo mna nyuzi tu, nazo zinajua kuvuta, hazijui kusukuma. Huwezi kukilazimisha kishuke. Unakiachia, uzito wake wenyewe unakishusha. Hapo ndipo wanaoanza hutaabika. Wanavuta mkono, wanavuta goti, wanavuta kichwa, na maskini kikaragosi kinarukaruka kama samaki kwenye ndoana.

Aliyenifundisha, mzee asiyependa maneno mengi, alinikataza nisikitembeze kwanza. Kazi yangu ilikuwa kukisimamisha, basi. Nyayo ziguse sakafu bila kuelea na bila magoti kulegea. Ukiinua mpini, kile kishikio cha juu kinachofungiwa nyuzi, kwa upana wa kidole kimoja, kinaning'inia hewani na kila mtu anaona kwamba ni kipande cha mti. Ukiushusha kwa upana huo huo, magoti yanakunjika, kinaonekana kimelewa. Katikati hapo pana nukta moja ndogo ambapo kikaragosi kinabeba uzito wake mwenyewe. Kikishaubeba, hata kabla hakijafanya lolote, watu huacha kukutazama wewe na kuanza kukitazama chenyewe usoni. "Usimwendeshe," mzee aliniambia. "Msubiri." Nilidhani ananichosha tu. Kumbe alikuwa ananionyesha kwamba ukigeuza mpini, kichwa hugeuka baadaye kidogo, na ule muda mfupi wa kuchelewa ndio unaomfanya mtazamaji aamini kwamba kile kiumbe kinafikiri. Fundi mbaya huhangaika kuuondoa ucheleweshaji huo. Fundi mzuri anaishi humo.

Kila mahali wamelitatua tatizo la nyuzi kwa namna yao. Vikaragosi vya jadi vya Wacheki vina waya mnene unaoshika kichwa, nyuzi zikabaki kwa mikono na miguu, kwa hiyo mwendo wake ni mzito, wa kujiamini. Kule Rajasthan, India, vikaragosi viitwavyo kathputli havina mpini kabisa: uzi unatoka kichwani, unapita kwenye vidole vya mchezeshaji, unarudi kiunoni. Havina miguu pia, sketi ndefu inafunika kila kitu, na kwa nyuzi hizo chache utaona mcheza ngoma anazunguka mpaka sketi inafunguka kama mwavuli. Upande wa pili kabisa wapo mafundi wa Quanzhou, mkoani Fujian, China, ambao kikaragosi chao kimoja huwa na nyuzi 16 na vingine hupita 30. Kwa ladha yangu, Quanzhou ndio mabingwa. Nimewaona kwenye video wakikifanya kikaragosi kiinue kikombe na kukileta mdomoni, na nikafunga kompyuta kwa aibu. Lakini ubingwa wa vidole si hoja yangu leo.

Hoja yangu ni ule umbali. Nyuzi humweka mchezeshaji mbali na kinachotendeka, na wakati huo huo humfunga nacho. Wahenga walisema aliyekando haangukiwi na mti. Mchezeshaji yuko kando, ila mkono wake haujauachilia mti. Sijui chombo kingine cha sanaa chenye hali hiyo, na nadhani ndiyo iliyofanya jamii zilizotengana kabisa zikikabidhi kikaragosi mambo yale yale: kifo kibaya, dhuluma ya mtawala, msiba usiotamkika.

Fujian ndiko vikaragosi vya nyuzi vya Taiwan vilikotokea, na kule utaona kwamba uponyaji haukuwa tukio la pembeni. Seti ya jadi ya kundi la Quanzhou ni vikaragosi 36, na vichwa vyake hubadilishwa ili kupata wahusika wengi zaidi. Kabla ya tamthilia yenyewe hutangulizwa mmoja: Jemadari Tian, mungu mlezi wa waigizaji. Anatolewa kwa heshima, huimbwa silabi ambazo hazina maana katika mazungumzo ya kila siku, naye husafisha mahali na kupeleka juu maombi ya waliogharamia shughuli. Halafu kuna ile tamthilia ndefu ya Mulian, mwanafunzi wa Buddha aliyeshuka kuzimu kumtafuta mama yake. Hufaa hasa mwezi wa 7 wa kalenda ya mwezi, wakati ambapo inaaminika wafu hutoka na kuzurura. Miongoni mwao wapo waliokufa vibaya na wapo wasio na ndugu wa kuwafanyia ibada, na hao ndio wanaoogopwa zaidi. Wanaalikwa kama wageni wengine. Wanafanyiwa onyesho.

Nikifikiria hilo najiuliza ni taasisi gani ya kisasa inayoshughulika na wafu wasio na wa kuwalilia. Tuna wanasaikolojia wa waliofiwa, na ni jambo jema. Lakini mtu akifa barabarani bila jina, au mpangaji wa pekee akipatikana siku kadhaa baadaye, mtaa mzima huingiwa na kitu ambacho hakina mwenyewe. Hakuna mfiwa wa kupewa pole, kwa hiyo pole inabaki imewakwama watu kooni. Watu wa Fujian waliliona tatizo hilo na wakalitafutia dawa ya pamoja: gharama inachangwa, nyuzi zinashushwa, na mtoto wa mti anakwenda kuzimu kumtoa mama wa mti kwa niaba ya kila mtu aliyeshindwa kumtoa wake.

Rajasthan wana njia yao. Wachezeshaji ni Wabhat, jamii ambayo jadi yake ni pia kutunza na kusimulia nasaba za watu, na kisa chao kikuu ni cha Amar Singh Rathore wa Nagaur, mwanamfalme aliyeuawa katika ngome ya Agra mwaka 1644 baada ya kumuua ofisa mkubwa mbele ya mfalme Shah Jahan. Kinachonivutia zaidi ya kisa ni sauti. Kathputli hawasemi maneno. Mchezeshaji anaweka mdomoni filimbi ndogo ya mwanzi iitwayo boli, na kikaragosi kinalia kwa sauti nyembamba, kali, ya kiumbe asiyekuwa mtu wala ndege. Kando amekaa mpiga ngoma ya dholak, mara nyingi mke wa mchezeshaji, ambaye anaimba, anakijibu kikaragosi, anakikaripia, na kuwaeleza watazamaji kilichosemwa. Kwa maneno mengine, mmoja anatoa kelele ya maumivu na mwingine anaipatia maneno. Aliyewahi kukaa na mtu aliyefiwa karibuni anaijua hali hiyo. Aliyepigwa hana sentensi, ana sauti tu, na inabidi awepo mtu kando yake wa kusema, "Anasema hivi."

Wabhat pia wana desturi moja ambayo kila mara hunituliza. Kikaragosi kikichakaa hakitupwi; hupelekwa mtoni na kuachiliwa majini kwa sala. Kikielea muda mrefu inahesabiwa kwamba kilitumika vizuri.

Kazi ya pili ya uzi ni kusema na mwenye nguvu. Myanmar ina jadi ya vikaragosi vya nyuzi iitwayo yoke thé, iliyopata heshima kubwa katika ikulu ya wafalme wa Konbaung kiasi cha kuwekewa waziri wa kusimamia michezo. Seti kamili ilikuwa ya vikaragosi 28. Anayetangulia jukwaani ni mwanamke mtumishi wa pepo, wale wanaoitwa nat, anawachezea na kuwatolea sadaka kabla watu hawajaburudishwa. Hapo tena ibada imetangulia. Lakini kilichowapa wachezeshaji jina ni ulimi. Mambo ambayo mwigizaji wa kawaida asingethubutu kuyasema mbele ya mfalme, kikaragosi kiliyasema, na mfalme kwa kuwa ni mtu mzima hangeonekana anagombana na gogo. Waingereza walipoiteka Burma ya Juu (Burma ni jina la zamani la Myanmar) mwaka 1885, mfalme akahamishwa, na sanaa iliyokuwa ikimsema ikapoteza mlezi wake pamoja na mtu wa kumsema. (Wachezaji ngoma wa kule, watu halisi, mpaka leo hujifunza miondoko ya kuiga vikaragosi. Mti ulimfundisha mtu.)

Isije ikadhaniwa kwamba umbali huo ni kinga kamili. Josef Skupa, fundi wa mji wa Plzeň aliyewapa Wacheki kikaragosi Spejbl mwaka 1920 na kikaragosi mwanawe Spejbl, Hurvínek, mwaka 1926, aliendelea kuonyesha chini ya utawala wa Wanazi, akipenyeza maneno ambayo ukumbi mzima uliyaelewa na wakaguzi wakashindwa kuyashika. Mwaka 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata, wakamfunga Dresden. Alitoka kwa sababu tu gereza liliungua katika mashambulizi ya mabomu ya Februari 1945. Kwa hiyo mti husema, lakini siku ya kukamatwa hukamatwa mwenye mkono. Pamoja na hayo, watu waliotoka kwenye maonyesho yake walikuwa wamecheka pamoja juu ya kitu walichokatazwa hata kukinong'ona, na kicheko cha namna hiyo kinamhakikishia kila aliyekaa mle kwamba hayuko peke yake. Mimi nakihesabu kuwa dawa.

Sasa nije Sri Lanka, maana ndiko ninakokuona kwa uwazi kabisa kisa kikifanya kazi ya kilio.

Tamthilia ya vikaragosi vya nyuzi ya kule inaitwa Rūkada Nātya, na imekuwa mikononi mwa familia za ukoo wa Gamwari katika miji ya pwani ya kusini: Ambalangoda, Balapitiya, Mirissa. Vikaragosi vyake ni vikubwa, vizito, na wachezeshaji husimama juu ya jukwaa nyuma ya pazia wakiinamia mbele, mikono ikishuka chini na nyuzi. Umbo la onyesho limeazimwa kutoka nadagam, mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Huonyeshwa hasa wakati wa Vesak, sikukuu ya mwezi mpevu wa Mei, na visa vingi ni vya maisha yaliyotangulia ya Buddha. Lakini kipo kimoja ambacho hakitoki katika maandiko matakatifu.

Mwaka 1814, katika ufalme wa Kandy, waziri mkuu Ehelepola alikosana na mfalme Sri Vikrama Rajasinha akakimbilia kwa Waingereza. Mke na watoto wake walikuwa mikononi mwa mfalme. Walihukumiwa kufa mbele ya umma. Inasimuliwa kwamba mnyongaji alipomwita mtoto wa kwanza, yule mkubwa alimshikilia mama yake asiachie. Ndipo mdogo wake, Madduma Bandara, akajitokeza mbele na kumwambia kaka yake asiogope. Vichwa vikatiwa kwenye kinu, na mama akalazimishwa kushika mchi. Mwaka uliofuata wakuu wa Kandy walimwacha mfalme huyo, na ufalme ukaenda kwa Waingereza.

Mtu unaigizaje hicho? Mpe mwanamke wa nyama na damu mchi mkononi, mweke jukwaani, na watazamaji wote watakuwa na shughuli mbili: kuhuzunika, na kujiuliza kama anaigiza vizuri. Watamwangalia yeye, machozi yake kama ni ya kweli, sauti yake kama imetetemeka mahali pake. Wengine watageuza uso kabisa. Lakini uso wa kikaragosi ulichongwa zamani, haubadiliki, hauombi kusifiwa. Mama wa mti anainua mchi kwa kuchelewa kule kule nilikokueleza, uzi ukivuta kwanza na mkono ukifuata, na ule mkono unaofuata amri isiyo yake ni sawasawa na hali ya mama yule. Alichezeshwa. Kuna visa ambavyo kikaragosi ni mfano wake tu. Hiki, kikaragosi ndicho chenyewe. Ndiyo maana naamini watu wa pwani ile wamekitazama kwa vizazi bila kukichoka: kinawaruhusu kuitazama dhuluma mpaka mwisho bila kugeuza uso.

Wasanii wa Afrika Kusini walikutana na swali hilo hilo kwa njia nyingine. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza ukatili wa enzi ya ubaguzi wa rangi, ilianza kusikiliza mashahidi mwaka 1996, na mwaka uliofuata kundi la Handspring likatengeneza mchezo uliobeba ushuhuda wa aina ile. Nani aseme maneno ya mama aliyeitwa kuutambua mwili wa mwanawe? Waliwapa vikaragosi. Havikuwa vya nyuzi, lazima niseme ukweli. Vilishikwa na wachezeshaji waliosimama waziwazi kando yake. Lakini kanuni ni ile ile. Shahidi wa mti anasema kwa lugha yake, mkalimani anatafsiri, wachezeshaji wanamtazama yeye wakati wote, na wewe uliyekaa kwenye kiti unajifunza kutoka kwao namna ya kumsikiliza mtu anayesema jambo kama lile.

Nisizungumzie mataifa ya watu tu. Rafiki yangu mmoja huongoza kikundi cha watu waliofiwa, na aliniomba niende na kikaragosi, bila mpango wowote maalumu. Nilichukua mzee wa mti mwenye ndevu za sufu na koti lililochakaa, nyuzi tisa. Nikawapa waliotaka wajaribu. Kijana wa miaka kama kumi na minne, aliyekuwa amekuja na mama yake na ambaye kutwa nzima alikuwa anajibu kwa mabega, akaushika mpini. Kikaragosi kikawa kinaanguka magoti. Anakiinua, kinasimama kidogo, magoti yanakatika. Sikumsaidia, maana ndivyo mtu anavyojifunza.

Mama yake akacheka kidogo, akamwambia yule mzee wa mti, wala si mwanawe: "Mzee, kama umechoka si ukae?"

Kijana bila kuinua macho akajibu, "Hawezi kukaa. Akikaa watasema hajali."

"Nani asema?"

"Watu."

"Mwambie akae," mama akasema. "Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Kumkalisha kikaragosi cha nyuzi ni kazi ngumu kuliko kumtembeza; nyonga zinatakiwa zirudi nyuma kabla magoti hayajakunjika, la sivyo anaanguka kifudifudi. Kijana alifanya vibaya, mzee akakaa upande, kichwa kikaanguka kifuani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kalala huyo," na chumba kizima kikacheka, kijana naye akacheka, mama yake akawa anafuta macho kwa kiganja. Baada ya hapo kikundi kiliendelea na mambo mengine. Sidai kwamba aliponywa. Ila wale wawili waliishi nyumba moja wakifichana uchovu, na njia ya kwanza waliyoipata ya kuambiana ilipita kwenye kipande cha mti chenye ndevu za sufu.

Nakiri nina mashaka na neno uponyaji linavyotumika siku hizi. Linapakwa juu ya kila mradi wa sanaa unaotafuta fedha. Kikaragosi hakileti mshahara uliopotea, hakimrudishi mtu, hakimfungi mwuaji jela. Mtu mwenye jeraha zito la akili anahitaji mtaalamu, na kumletea mwanasesere badala ya mtaalamu ni dhihaka. Kinachofanywa na maonyesho haya ni kidogo zaidi na ni cha watu wengi kwa pamoja: yanafanya jambo lisilotamkika liwe limetamkwa mbele ya kila mtu, ili kesho yake mkikutana njiani kila mmoja ajue kwamba mwenzake anajua. Kwa mtaa uliopigwa na msiba, hilo si dogo.

Na hapo ndipo ninapogombana na watunza urithi, japo wengi wao ni watu wa nia njema. Orodha za UNESCO zimefanya kazi nzuri. Sanaa ya vikaragosi ya Slovakia na Ucheki iliingizwa mwaka 2016, Rūkada Nātya mwaka 2018, na Fujian walitangulia mwaka 2012, wao si kwa kuorodheshwa sanaa yenyewe bali kwa mkakati wao wa kufundisha kizazi kipya, uliopangwa kwa miaka ya 2008 hadi 2020. Huo wa Fujian ndio ninaoupenda, kwa sababu unahesabu watu badala ya kuhesabu sanduku za makumbusho. Lakini fedha za urithi hufuata kinachoonekana. Onyesho lenye mataa na watazamaji hupata ruzuku. Tambiko la kuondoa nuksi ambalo watu hulikimbia halina picha ya kuweka kwenye ripoti. Kathputli hotelini huchezwa vipande vyepesi, mcheza ngoma na mpanda farasi, mgeni anapiga picha, Amar Singh mwenyewe anabaki sandukuni kwa sababu kisa chake ni kirefu na hakuna aliyekuja kulia.

Halafu kuna dharau ya wazi. Jijini Delhi palikuwa na mtaa wa wasanii karibu na Shadipur uliojulikana kama Kathputli Colony, familia za wachezeshaji, wanasarakasi na wapiga ngoma zikiishi bega kwa bega kwa miongo mingi. Nchi ile ile iliyowapeleka wasanii hao nje kama mabalozi wa utamaduni ndiyo iliyoubomoa mtaa wao mwaka 2017 ili kupisha ujenzi mpya. Waliahidiwa nyumba za ghorofa. Ghorofani utaweka wapi vikaragosi, utachonga wapi mti wa mwembe bila jirani wa chini kulalamika, na mtoto atajifunzia wapi boli, ambayo kwa anayeanza hutoa sauti ya kumtia mtu kichaa? Sanaa hii ilikaa uani. Ukiondoa ua umeondoa shule.

Ningekuwa na sauti mahali fedha zinapogawiwa, ningeomba mwanafunzi wa vikaragosi asihitimu kwa ngoma ya dakika chache. Afundishwe tamthilia nzima, hata ile sehemu ndefu inayochosha, pamoja na nyimbo zake na ibada inayotangulia, na apelekwe na mwalimu wake kule sanaa inakoitwa: kwenye sikukuu, kwenye misiba, kwenye mitaa iliyoungua. Ningeomba pia familia za mafundi zifungue mlango kidogo. Najua siri ya ukoo ina thamani yake, na najua wengi wameibiwa kazi na watu waliokuja na kamera. Lakini onyesho kubwa linahitaji mikono kadhaa nyuma ya pazia, familia za leo ni ndogo, na mtoto wa fundi ana haki ya kuwa mhasibu akitaka. Mtoto wa jirani anayekaa kila jioni akichungulia vidole vya mzee, huyo ndiye wa kupewa mpini. Alipwe tangu mwanzo, wakati bado anajifunza kumsimamisha tu.